Mathe Hakupigiwa Simu

Kuna mama huuza chapati madondo karibu na steji yetu. Mtaani kila mtu humwita Mathe. Mwaka jana, jioni moja tu ya kawaida, jamaa fulani alisimama pale akaitisha chapati mbili. Mathe akamfungia, akapokea pesa, akarudisha chenji. Jamaa aliposema asante ndipo mikono ikaanza kumtetemeka. Sauti hiyo aliisikia kortini miaka mitatu, kila kesi ikitajwa. Ni ya mtu aliyemuua kijana wake wa kwanza.

Alifunga kibanda wiki mbili.

Kabla hujauliza, jamaa hakutoroka. Alihukumiwa kunyongwa mwaka 2011. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta alibadilisha hukumu za watu 2,747 waliokuwa wakingojea kitanzi, zikawa kifungo cha maisha, na yeye alikuwa mmoja wao. Hiyo Mathe aliisikia kwa redio ya matatu. Baadaye jamaa akapeleka ombi la msamaha wa Rais, likapita. Hiyo hakuisikia popote. Ililetwa na mteja wa chapati.

"Wewe si ulifika yuni," akaniambia. "Hebu nisomee sheria inasemaje." Yuni niliacha nikiwa mwaka wa pili, na hata sikuwa nasomea sheria, lakini Katiba haiulizi mtu cheti. Fungua Kifungu cha 133. Hapo Rais anapewa uwezo wa kusamehe mfungwa, kumwachilia kwa masharti au bila masharti, au kumpunguzia adhabu. Hafanyi peke yake. Kuna kamati ya kumshauri, ndani yake Mwanasheria Mkuu, waziri anayehusika na magereza, na wengine wasiopungua watano ambao si watumishi wa umma. Ombi linaweza kupelekwa na mtu yeyote. Halafu kuna kijisehemu cha nne, kifupi sana, ukisoma na usingizi unakiruka. Kinasema kamati inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa.

Inaweza. Yaani ikipenda. Vile mimi naweza kubeba mwavuli nikitoka.

Ugomvi wangu wote uko kwa hilo neno. Mwaka 2017, kwenye kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji bila kuangalia hali yake. Uamuzi huo niliupenda na bado naupenda. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikaeleza ni mambo gani ya kupima hukumu za mauaji zikisikilizwa upya: umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama anajuta, kama anaweza kurekebika. Na ndani ya orodha hiyo hiyo ikaweka madhara ya kimwili na kiakili kwa familia ya aliyeuawa. Sasa angalia. Korti ikitaka kumpunguzia mtu miaka, machozi ya Mathe yanawekwa kwa mizani, mchana, mbele ya watu. Rais akitaka kumfungulia mtu huyo huyo lango lote, machozi hayo ni hiari ya kamati ambayo Mathe hata hajui ofisi yake iko wapi.

Najua kuna wenye watasoma hii waseme, ndio, wanyongwe wote. Msinikokote huko. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na sitaki ianze. Watu hubadilika. Kuna waliofungwa wakiwa na miaka kumi na tisa, wakili hawana, ushahidi wenyewe wa kubahatisha. Kuna wanawake waliowaua waume waliokuwa karibu kuwaua wao. Msamaha lazima uwepo.

Wale wanaonikasirisha zaidi ni wa upande wangu, wanaotetea wafungwa, ambao kwa mengi tuko pamoja. Wananiambia: ukiuliza familia, watakataa kila ombi, itakuwa ni kisasi tu. Kwanza, kusikilizwa si kupewa kura ya turufu. Pili, ni nani aliwauliza? Mimi nilimuuliza Mathe, tukiwa tumekaa kwa debe la mafuta lililopinduliwa, angekataa? Akanyamaza kitambo. Akasema pengine hangekataa, miaka ni mingi, na huyo naye ana mamake. "Lakini wangenipa tarehe. Siku hiyo singefungua kibanda. Ningeenda ushago kwa dadangu nikae nizoee." Na angeomba kitu kimoja, kwamba jamaa asirudi kuishi barabara hii. Mwanamke ambaye mnamwogopa kwa sababu ya kisasi alikuwa anataka tarehe na umbali wa mitaa mitatu.

Hoja nyingine ni eti familia za waathiriwa huhama, zitapatikana wapi. Hapo sasa mnanichezea. Chifu anajua nyumba gani inapika chang'aa na ni saa ngapi sufuria inawekwa jikoni, na atashindwa kumjua mama wa marehemu? Afisa wa probeshen husafiri hadi kijijini kwa mfungwa kuuliza kama atapokelewa vizuri. Basi nauli ya kwenda upande ule mwingine itafutwe. Afrika Kusini, jaji akimfunga mtu miaka mingi kwa mauaji, hutakiwa papo hapo kuwaambia jamaa wa aliyeuawa kwamba siku ya kufikiria kumwachilia ikifika, wana haki ya kuja kusema. Wanajua tangu siku ya kwanza.

Sisi tufute "inaweza" tuandike "lazima". Lazima familia itafutwe, iulizwe, na ijulishwe siku ya kutoka kabla lango halijafunguliwa. Kubadilisha Katiba ni safari ndefu, sawa, lakini kamati haijakatazwa kuanza kupiga simu kesho.

Mathe amerudi kazini. Jamaa bado hupitia hiyo barabara, siku hizi akivuka ng'ambo kabla ya kufika kibandani, na sijui nani kati yao alimwambia mwenzake kwa macho. Tumeandika barua kwa kamati, kurasa mbili. Nilitaka kuichapa, akakataa, akaiandika kwa mkono wake. Mwishoni ameweka namba yake ya simu, mara mbili, ya pili kwa herufi kubwa.