Tuulize Kosa, Tusiulize Kabila



Bangi ikionekana shambani katika nchi yetu hii ya Mpanda, mara nyingine liko neno linalotangulia kabla ya askari kufika: "Hao ni watu wa Katumba, hao ni watu wa Mishamo." Wanaonenwa hivyo ni wale waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, pamoja na wazao wao, na wengi wao sasa ni raia wenzetu. Neno hilo ni baya, wala si jipya. Na tutazame matunda yake kwingineko.

Mwaka 1860 Wahindi walianza kuletwa Natal, Afrika ya Kusini, kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Mwaka 1870 serikali ya huko iliwakataza kuvuta bangi, hata kuwa nayo. Sheria hiyo iliwataja wao tu. Huko Marekani, mji wa San Francisco ulipiga marufuku nyumba za kuvutia afyuni mwaka 1875, wakati Wachina walipochukiwa sana. Hata mwaka 1909 serikali kuu ikazuia afyuni ya kuvuta isiingie nchini. Walakini afyuni ya dawa, ambayo Wazungu waliizoea katika chupa, haikuzuiliwa.

Tazameni hila iliyomo. Sumu ni ile ile. Aliyechukiwa ni mtu. Adhabu ikampata mgeni, na mwenyeji akadhani nyumba yake ni safi, hali chupa i mezani pake.

Mtu ataniuliza, "Je, mwalimu, waitetea bangi?" La, sivyo! Bangi huharibu akili za vijana. Ndiyo sababu nataka aliyeipanda ashikwe, awe Mbende, Mkonongo, au mwana wa Katumba. Ukimnyoshea kidole mgeni peke yake, mpandaji aliye jirani yako hulala usingizi mwema.

Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haiulizi baba yako alitoka wapi. Huuliza: Umepanda nini? Umeuza nini? Basi wazazi, wazee wa vijiji, na sisi walimu, yatupasa kuuliza vivyo hivyo.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema, mgeni njoo, mwenyeji apate wa kumsingizia.