MNG'ARO WA GARI NI KAZI, SI HISANI

Tazameni magari yanayopanda kilima cha Kinyinya siku ya harusi. Yanang'aa hata mtu aweza kuuona uso wake mlangoni. Watu husifu gari, kisha humsifu mwenye gari. Ni wachache wanaouliza ni mkono wa nani uliolisugua bati lile, kwa muda gani, kwa dawa gani na kwa malipo gani. Sisi leo tunauliza.

Kinyinya ya leo si ile ya zamani. Tangu mwaka 1965 hadi 2015 kilima hiki kilijulikana kwa milingoti ya kituo cha kurushia matangazo cha Deutsche Welle. Siku hizi Kagugu na Gacuriro zimejaa nyumba mpya, na magari yameongezeka pamoja na nyumba. Palipo na gari pana vumbi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti huleta vumbi jekundu kutoka njia zisizo na lami, na mvua za Machi hadi Mei huleta tope. Jua nalo ni kali, kwa kuwa Kigali iko karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi. Rangi ya gari inayoachwa nje hufifia upesi. Ndiyo maana kuosha na kung'arisha magari kumekuwa riziki ya vijana wengi, wavulana kwa wasichana.

Neno letu ni hili: kupaka glezi na nta kwa mkono ni ufundi kamili, na ufundi hulipwa kwa bei inayojulikana. Haulipwi kwa "fanta".

Kila mfanyakazi wa Kigali anaijua hiyo "fanta". Ubao wa kituo huonyesha bei ya kuosha tu. Kung'arisha kunakuja baadaye kama upendeleo. Msimamizi humwambia kijana, "Mpitishie nta kidogo, huyu ni mteja wetu." Kijana husugua, mteja hufurahi, kituo hupata sifa na mteja hurudi. Na kijana je? Akibahatika kukutana na mtu mwenye moyo mwema, atapewa sarafu mbili tatu za kununulia soda. Asipobahatika, ataambiwa asante.

Kuna ubaya mwingine mkubwa zaidi. Vituo vingi huwalipa wafanyakazi kwa hesabu ya magari. Mfanyakazi anayemwagia maji magari sita kwa pupa hupata mara sita. Mwenzake aliyeinama juu ya gari moja kwa muda wa saa tatu au nne, akalitoa likiwa kama jipya, huhesabiwa gari moja. Je, utaratibu huu unafundisha nini? Unafundisha kwamba kazi nzuri ni hasara kwa anayeifanya. Hapo msimamizi hana haki ya kulalamika kwamba vijana hawana bidii.

Wako wanaosema kazi hii ni rahisi, kwamba hata mtoto aweza kufuta gari. Tuwaeleze ilivyo, maana mdharau kazi aghalabu ni yule asiyeijua.

Rangi ya gari la kisasa ina matabaka. Chini kuna rangi ya msingi, juu yake rangi tunayoiona, na juu kabisa vanishi iliyo wazi kama kioo. Kwa kawaida vanishi hiyo haizidi sana sehemu 50 za elfu moja za milimita, nayo ni nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Mikwaruzo ile midogo ya mviringo, inayoonekana kama utando wa buibui jua likiipiga, imo katika vanishi hiyo. Ukiisugua kwa dawa kali ya kukwangua, mikwaruzo itaondoka, lakini vanishi itaondoka nayo, na haioti tena. Mwenye mashine asiye na ujuzi aweza kuiunguza kwa dakika chache, hasa kwenye kingo za milango na boneti.

Glezi hufanya kazi kwa njia nyingine. Ni polishi laini yenye mafuta na vijazio, isiyokwangua au inayokwangua kidogo sana. Huingia ndani ya mikwaruzo midogo, ikaijaza na kuificha, na rangi ikapata kina. Lakini glezi peke yake haidumu, maana sabuni na mvua huiondoa. Kwa hiyo juu yake hupakwa nta, iifunge na kuikinga. Anayetanguliza nta akafuatiza glezi amepoteza bidhaa na nguvu zake bure.

Na kabla ya yote hayo gari lioshwe vizuri, likaushwe, na chembe zilizong'ang'ania kwenye rangi ziondolewe kwa udongo maalumu wa kusafishia. Chembe moja ya mchanga ikibaki kwenye kitambaa, fundi atakuwa anachora mikwaruzo mipya badala ya kuficha ile ya zamani. Bati liwe la baridi, gari liwe kivulini. Dawa ipakwe kidogo, sehemu moja baada ya nyingine, boneti kwanza kisha mlango, kwa tabaka jembamba. Wengi hudhani nta nyingi ndiyo mng'aro mwingi. Sivyo. Nta nyingi huwa ngumu kufutika na huacha madoa. Kisha fundi hungoja mpaka ipate ukungu, huigusa kwa kidole ajue imekauka kiasi gani, na huifuta kwa kitambaa laini akikigeuza kila mara. Kidole kile kinachojua wakati wa kungoja na wakati wa kufuta kimefundishwa na magari mengi. Huo ndio ujuzi. Kwa nini uitwe hisani?

Sasa tuitazame afya ya huyo mwenye kidole. Glezi na nta nyingi zina viyeyusho vya jamii ya mafuta ya petroli. Viyeyusho hivyo huondoa mafuta ya ngozi, mikono ikakauka, ikapasuka na kuwasha. Mvuke wake mahali pasipo hewa ya kutosha huleta kichwa kuuma na kizunguzungu. Tangu miaka ya 1970 madaktari wa nchi za Skandinavia walichunguza wapaka rangi waliovuta viyeyusho kwa miaka mingi, wakaona wengine wamepungukiwa kumbukumbu na umakini. Hatusemi kwamba kopo moja la nta litamwangusha mtu. Tunasema kwamba anayefanya kazi hiyo siku sita kwa juma, mikono mitupu, ndani ya banda lililofungwa, anastahili glavu, hewa na sabuni ya kunawia. Viyeyusho hivyo pia hushika moto. Makopo na vitambaa vilivyolowa visiwekwe karibu na jiko wala kwenye kona wanapovuta sigara. Majirani zetu waseremala wa Gakinjiro ya Gisozi wameonja moto zaidi ya mara moja. Si lazima sisi tujifunze kwa kuungua.

Na tusidhani kwamba sisi peke yetu ndio tunaotoa jasho kwa ajili ya mng'aro huu. Nta bora ya magari hutokana na mkarnauba, mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Wafanyakazi hukata majani yake kwa visu vilivyofungwa kwenye miti mirefu, huyaanika juani, kisha huyapiga mpaka unga wa nta utoke. Mwaka 2017 televisheni ya Ujerumani ilionyesha jinsi baadhi yao walivyolala chini, bila choo na bila maji safi, na wakaguzi wa kazi wa Brazili wamewaokoa wafanyakazi wa mashamba hayo katika hali ambayo sheria yao yenyewe huilinganisha na utumwa. Basi kopo lile dogo lililo mkononi mwa kijana wa Kagugu limebeba jasho la ndugu yake asiyemjua. Mnyonge wa mwanzo na mnyonge wa mwisho wanalitumikia gari moja, na katikati yao kuna faida isiyowafikia wote wawili.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, haikumsahau mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Inamgusa katika usalama na afya kazini, katika haki ya kulipwa na katika haki ya kuunda chama. Ilimpa pia waziri wa kazi mamlaka ya kuweka kima cha chini cha mshahara kwa amri. Kwa miongo mingi kima kilichobaki vitabuni kilikuwa faranga 100 kwa siku, kiwango kilichowekwa kabla vijana hawa hawajazaliwa, kisichotosha hata hiyo soda wanayoahidiwa. Na mwaka 2022 Shirika la Kazi la Kimataifa liliingiza mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Kwa hiyo anayedai glavu haombi zawadi. Anadai haki yake.

Wenye vituo watatujibu kwamba wateja hawatakubali kulipa. Mbona mteja hulipa matairi, hulipa mafuta, hulipa breki? Hulipa kwa sababu ameonyeshwa bei. Hajaonyeshwa bei ya mng'aro, ndiyo sababu anadhani mng'aro hauna bei. Wengine watasema nta imepitwa na wakati, kwamba siku hizi kuna dawa za kauri zinazodumu mwaka na zaidi. Ni kweli zipo, na nta chini ya jua letu hudumu majuma au miezi michache tu. Lakini dawa ya kauri ikipakwa juu ya rangi isiyotayarishwa, kasoro zote hufungiwa ndani. Nani atakayeitayarisha rangi hiyo? Ni mkono ule ule. Dawa zinabadilika, fundi anabaki.

Lakini haki haiendi bila wajibu, na hapa tunasema na wenzetu wenyewe. Fundi asidanganye. Glezi huficha mikwaruzo, haiiondoi. Basi mteja aelezwe hivyo kabla hajalipa. Akija mchuuzi wa magari makuukuu akitaka gari lipakwe glezi ili mnunuzi asione ubovu wa rangi, tujue kwamba anaukodi mkono wetu kumwibia mtu mwingine. Fundi asipake nta juani kwa sababu ya haraka, wala asiokote kitambaa kilichoanguka chini akaendelea kufutia. Na maji machafu yasielekezwe mabondeni, maana mabonde ya Kigali ni ya wote. Anayedai bei ya fundi hana budi kufanya kazi ya fundi.

Wako waliotutangulia katika njia hii. Huko Santa Monica, California, mwaka 2011 waosha magari wa kituo kimoja, wengi wao wahamiaji, walipata mkataba wa pamoja wa kazi, wakiwa ndani ya chama cha wafanyakazi wa chuma, United Steelworkers. Mwaka uliofuata wenzao wa New York walipiga kura kujiunga na chama. Watu hawa nao waliambiwa kwamba kazi yao ni ya kupita tu na haifai kuwa na chama. Walishika sifongo kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine.

Kwa hiyo tunatoa wito huu.

Kwanza, kila kituo kiandike ubaoni bei ya kupaka glezi na nta, mbali na bei ya kuosha.

Pili, fungu la fundi katika bei hiyo lijulikane kabla hajachovya sifongo, na gari lililong'arishwa lisihesabiwe sawa na gari lililooshwa.

Tatu, mwajiri atoe glavu, kivuli, hewa na sabuni, na maelezo ya hatari yaliyo kwenye kopo yaelezwe kwa lugha wanayoielewa wafanyakazi.

Nne, ujuzi uliopatikana kazini upimwe na kutolewa cheti, kama inavyofanyika kwa waashi, ili kijana akihama kituo asianze upya kama mwanafunzi.

Tano, wafanyakazi wa vituo vya Kinyinya waungane, kwa chama au kwa ushirika, na kila mmoja ajiwekee akiba, hata kupitia Ejo Heza, mpango ulioanzishwa mwaka 2018 unaowapokea hata watu wasio na mshahara wa mwezi. Mkono unaosugua leo utazeeka kesho.

Ndugu wafanyakazi, kidole kimoja hakivunji chawa. Fundi mmoja akidai bei ataambiwa aondoke, na mwingine ataitwa mlangoni. Wote wakidai bei moja, ubao utaandikwa. Hatumchukii mwenye gari linalong'aa. Tunataka tu siku atakapoutazama uso wake katika mlango wa gari lake, ajue pia nani aliyemwezesha kuuona, na awe amemlipa.