Uliza mawe ya kijito chako

Wakazi wengi wa Eldoret huvuka Mto Sosiani mara mbili kwa siku, wakienda kazini na wakirejea nyumbani, wala hawautupii jicho. Ukiwauliza mto uko katika hali gani, watakujibu kwa neno moja tu: mchafu. Mchafu kiasi gani? Kuanzia wapi? Kwa sababu ya nini hasa? Hapo wengi wetu hunyamaza, na ukimya huo ndio unaowafaa wale wanaofungulia maji taka yao mtoni giza likiingia.

Mji huu ulianza na posta iliyofunguliwa mwaka wa 1910 kwenye shamba nambari 64, ndiposa wazee wanauita Sisibo hadi leo. Mwaka wa 1912 ukapewa jina la Eldoret, ambalo yasemekana limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Tarehe 15 Agosti 2024 ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Hadhi ni jambo zuri, lakini leo, msomaji, nataka tuyazungumzie hayo mawe.

Wala si lazima uanzie kwenye Sosiani wenyewe. Karibu kila mtaa una kijito chake, kile ambacho watoto hukiruka kwa hatua mbili wakitoka shuleni. Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu, na kijito hicho ni bahari ya viumbe wengi kuliko unavyodhani.

Anza kwa kutembea ukingoni hatua mia moja hivi. Usiharakishe kutazama maji, tazama kwanza kando zake. Je, kuna miti na nyasi zinazoshikilia udongo, au ng'ombe wamekanyaga hadi ukingo ukaporomoka? Mahindi na sukuma wiki yameishia wapi? Kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, kuanzia pale maji yalipowahi kufika wakati wa mafuriko, usilimwe wala kujengwa. Pima kwa hatua zako. Mara nyingi utakuta mahindi hayajaisikia sheria hiyo.

Kisha ingia majini, pale panapopita maji kwa kasi juu ya mawe, ushike jiwe moja la ukubwa wa ngumi mbili. Likitoka kwa urahisi, na chini yake kuna changarawe safi, hiyo ni habari njema. Likiwa limezama nusu kwenye tope hata ulazimike kulichomoa, basi udongo wa mashambani na wa ujenzi umeshafunga nafasi zilizoko kati ya mawe. Nafasi hizo ndizo nyumba. Humo hujificha wadudu, humo hupita maji yenye hewa. Kijito kinaweza kuwa na maji maangavu kabisa lakini kiwe kimekufa kwa kukosa makao.

Sasa geuza jiwe hilo juu ya beseni jeupe lenye maji kidogo, ulisugue taratibu kwa mkono, na ulitegee chujio la jikoni upande yanakoelekea maji. Vinavyosalia kwenye beseni ndivyo mashahidi wako. Chupa ya maji iliyopelekwa maabara husimulia ya asubuhi ile tu. Aliyemwaga uchafu Jumamosi usiku hakamatwi na chupa ya Jumatatu. Mdudu aliyeishi chini ya jiwe kwa wiki kadhaa amekunywa yote.

Wenzetu wa Afrika Kusini wametunga kipimo kiitwacho miniSASS ambacho hata watoto wa shule wanakiweza. Wadudu na viumbe wadogo wamegawanywa katika makundi 13, kila kundi na alama zake. Wavumilivu wana alama chache: minyoo 2, ruba 2, mabuu ya mbu na nzi 2, konokono 4. Wanaodai maji safi wana nyingi: kaa 6, mabuu ya kereng'ende 6, yule mdudu anayejijengea kijumba cha changarawe 9, na yule bapa mwenye mikia miwili, ambaye hafi njaa bali hufa kwa kukosa hewa, 17. Huhesabu wako wangapi. Kundi likionekana, limepata alama. Jumlisha, ugawanye kwa idadi ya makundi. Ukipata wale wanne wa kwanza pekee, jumla ni 10 na wastani ni 2.5. Ukipata wanne wa mwisho, jumla ni 38 na wastani ni 9.5. Kwa mto wa mawe, unaozidi 7.2 bado uko karibu na hali yake ya asili, na ulio chini ya 5.3 umeharibika vibaya.

Kipimo hicho kilitungwa kwa mito ya kule, kwa hivyo usikichukulie kama hukumu ya mahakama. Faida yake kubwa ni kulinganisha. Pima juu ya mtaa na chini ya mtaa, siku moja, kwenye mawe yanayofanana. Wastani ukiporomoka kati ya hapo na hapo, tembea katikati utafute bomba, choo kilichoinamia maji, au mahali pa kuoshea magari.

Mbona hewa inatajwa sana? Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huku hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya Mombasa yenye joto lile lile. Vijidudu vinavyoozesha kinyesi na mabaki ya vyakula huitumia hiyo hiyo kidogo. Mto wetu hauna akiba ya kuchezea.

Tahadhari moja, kina mama hasa. Wadudu hawajui homa ya matumbo wala kipindupindu. Kijito kinaweza kupata alama nzuri na bado kikawa na vijidudu kutoka kwenye choo kimoja tu kilicho juu yake. Maji ya kunywa yachemshwe, na mboga zilizonyunyiziwa maji ya mto zioshwe kwa maji salama na kupikwa vizuri. Watoto wasiende mtoni bila mtu mzima, wavae gambuti, na mvua kubwa ikinyesha waahirishe.

Matokeo yaandikwe kwenye daftari kila mwezi, kiangazi na masika. Ukiwa nayo ya miezi kadhaa, afisa wa NEMA au wa kaunti hawezi kukujibu kwamba ni fununu. Na akikupuuza, Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyeumia au kupata hasara. Yachafukayo hapa huingia Kipkaren, kisha Nzoia, hadi Budalang'i na Ziwa Viktoria, na huko pia kuna wanaoteka.

Daftari la shilingi chache linatosha. Ukurasa wa kwanza andika tarehe, saa, hali ya hewa ya jana yake, na daraja lililo karibu.