Biharusi, usilipe saluni kabla hujauliza hesabu



Mfungo Mosi ukikaribia, sisi tunaoshona nguo za maharusi hatulali. Na kila mwaka jambo ni lile lile. Biharusi anakuja na mama yake, tunampima, tunakaa kupatana bei. Tukitaja Sh. 120,000 za ufundi, mama anashika kichwa: "Jamani mwanangu, tupunguzie, mambo mengi." Tunapunguza. Mazungumzo yakiendelea tunasikia saluni imeshalipwa Sh. 250,000, za nywele tu, na hapo hakuna aliyeomba apunguziwe hata shilingi.

Mtasema tuna wivu. Hapana. Sisi wenyewe tunakwenda saluni, na wenye saluni wengi ni mashoga zetu. Lakini tumeona ya kutosha, na leo tunasema wazi: nyingi ya pesa za nywele za harusi hazistahili kutolewa.

Tuwape kisa kimoja, bila jina. Mwaka jana tulimshonea biharusi mmoja, nywele zake mwenyewe nzuri, zimejaa kichwa. Wiki ya harusi saluni wakamwambia hazitoshi. Wakamtia dawa, ikamuunguza nyuma ya sikio. Siku yenyewe wakambandikia wigi kwa gundi kuanzia kwenye paji la uso. Alikaa kitini toka baada ya Adhuhuri, Magharibi ikampita hapo hapo. Ukumbini bwana harusi akaingia na ndugu zake wanaume, biharusi akafunikwa shela gubi gubi. Zile nywele za laki mbili na nusu tuliziona sisi tuliokuwa tunamweka sawa gauni, na mpiga picha wa kike. Basi.

Asubuhi yake simu ikalia: njooni na ule mkasi wenu mdogo wa kufumulia nyuzi. Mtoto wa watu anataka kuoga josho, gundi haitoki. Tulikaa naye chumbani, yeye analia, sisi tunatoa gundi kidogo kidogo kwa mafuta ya nazi. Alfajiri ilikuwa imeshampita. Nywele za pembeni ya uso zilitoka na gundi.

Sasa jiulize, alinunua nini?

Sisi mteja akituuliza bei, tunamhesabia: kitambaa hiki, bitana hii, zipu, shanga, uzi, na huu ufundi wa mkono wetu. Akitaka kupunguza, anajua anapunguza wapi. Ukienda saluni unaambiwa "pakeji ya biharusi", bei moja, kwisha. Kuosha na kuseti kule kule anakofanyiwa mwanamke wa siku zote, kwako kumepanda mara kadhaa kwa sababu umetamka neno "harusi". Ukitaka kujua, mtume shoga yako akaulize bei ya kuosha, stimu na kuseti bila kutaja harusi. Kisha linganisha.

Na yule msichana aliyesimama saa nne kwa miguu yake kukusuka, je, pesa hiyo inamfikia? Tumekaa na wasusi wengi, tunajua wanachorudi nacho nyumbani. Kwa hiyo msituambie tunapinga riziki za wanawake. Mlipeni msusi vizuri kwa kazi ya mkono wake. Tunachopinga ni kulipia woga: woga wa kuambiwa nywele zako hazitoshi.

Tuje kwenye dini, maana hapa ndipo penye uzito. Katika Bukhari na Muslim, Bi Asma binti Abubakar, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, amesimulia kuwa mama mmoja alimwendea Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Binti yake ameolewa, maradhi yamemnyonyoa nywele, je, amuunganishie? Huyo alikuwa biharusi, tena mgonjwa. Na bado jibu lilikuwa laana kwa mwenye kuunganisha na mwenye kuunganishwa. Wewe mwenye nywele zako nzima utasema nini? Kuhusu nyuzi zisizo nywele za watu, wanavyuoni wana maelezo, muulize mwalimu wako kabla hujalipa. Nywele za binadamu hazina mjadala huo.

Wengine husema, "Ndiyo hivyo, siku ya harusi huwezi kutia udhu, nywele zitaharibika." Si kweli. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Unguja na Pemba, kupaka maji sehemu tu ya nywele zako kunatosha. Aliyesukwa naye asiogope josho. Bi Ummu Salama alimuuliza Mtume kuhusu misuko yake iliyokazwa, akaambiwa hana haja ya kuifumua, inatosha ajimiminie maji kichwani mara tatu. Muhimu maji yafike kwenye ngozi. Msuko unapitisha maji, gundi haipitishi. Kwa hiyo dini haikukuzuia kupendeza, imekuondolea mzigo. Mzigo umejitwika mwenyewe, na umeulipia.

"Lakini harusi ni mara moja." Kweli. Nywele je, unazo za mara moja? Dawa ikishapita kwenye nywele, hairudi nyuma. Unasubiri mpya ziote, na kwa mwezi zinaota kama sentimita moja tu. Kipara cha pembeni cha kukazwa na gundi kinaweza kukaa nawe miaka. Mume ataishi na kichwa hicho, si na picha ya ukumbini.

Basi pesa uziweke wapi? Anza miezi mitatu kabla. Osha, paka mafuta, lipia stimu mara moja kwa mwezi, kata ncha zilizokufa. Usitie dawa wiki ya harusi. Tafuta msusi mwenye mkono mwepesi, mpatane bei mbele ya mama au somo wako, kila kazi na bei yake. Siku yenyewe tia udhu kabla ya kupambwa ukae nao, na mwambie msusi mapema: adhana ikilia, tunasimama. Kisha vaa vikuba vya asumini na mrehani, fukiza nywele kwa udi. Mabibi zetu waliolewa hivyo, na harufu yao hakuna saluni inayoiuza.

Ukimaliza, hesabu kilichobaki. Wengine watalipa deni la ukumbi, wengine watanunua cherehani au friji ya kuuzia barafu. Hiyo itakuwepo nywele zikishafumuliwa.

Na nyinyi kina mama, mnaotubana sisi kwa elfu kumi na kunyamaza kimya saluni: ulizeni na kule. Haya tumeyasema kwa mapenzi. Mwenyezi Mungu awape mabiharusi wetu ndoa zenye baraka, na atujaalie sote tupambike bila kumuasi. Amin.