Petroli Ilipata Kibali, Mwanamke Hakupata

Serikali ya Kenya ilipotangaza kafyu ya corona Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ilichapisha pia orodha ya wale ambao wangeruhusiwa kuwa nje usiku. Itafuteni muisome. Wahudumu wa afya wamo, na ni haki yao. Wamo maafisa wa usalama, wenye maduka ya dawa, wanahabari, watu wa Kenya Power, wasafirishaji wa mazao, supamaketi, benki, kampuni za simu na za ulinzi. Wamo hata wauzaji wa petroli, oili na vilainishi vya injini. Yaani kuna afisa aliyeketi ofisini, akawaza kwamba lori likikwama Salgaa saa nane usiku litataka oili, akaiandikia oili hiyo ruhusa yake. Mwanamke anayekimbia kipigo saa hiyo hiyo hakumpitia akilini.

Najua kuna mstari unaotaja zimamoto na huduma nyingine za dharura. Nimeshatupiwa mstari huo mara nyingi. Basi waulizeni kina mama wa Mathare, Mukuru au Kisauni ni afande gani wa kizuizini angekubali kwamba mtu aliyejifunga leso, damu kwenye nyusi, bila kitambulisho wala barua ya mwajiri, ni huduma ya dharura. Kibali walipewa wenye leseni na beji za kazi. Anayemkimbia mumewe hutoka na mtoto mgongoni, na akijaliwa, na viatu.

Wala msiniambie dola haikuwa na nguvu. Ijumaa ya kwanza ya kafyu, Machi 27, polisi waliwacharaza abiria wa kivuko cha Likoni kwa rungu na kuwarushia vitoa machozi kabla saa moja yenyewe haijafika. Ni watu waliokuwa wakihangaika kurudi makwao kama walivyoamriwa. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao, Kiamaiko, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi kwa ukatili wa polisi. Magari yalikuwepo, mafuta yalikuwepo, askari walikuwepo, tena waliingia hadi vichochoro ambavyo siku za kawaida hawafiki hata ukiwaita mara tatu. Na katika vichochoro hivyo hivyo, nyuma ya mabati, watu walikuwa wakipigwa. Doria ilipita mlangoni ikaendelea na safari, kwa sababu ilikuwa ikimsaka aliye nje.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tumezoea kuambiwa kwamba ukatili wa majumbani wakati wa corona ulikuwa janga juu ya janga, kana kwamba virusi vilishika mwiko wa ugali. Virusi havikumpiga mtu kofi. Wanaume ndio waliopiga, na serikali ikawahakikishia kwamba anayepigwa hatakuwa na pa kwenda.

Tena ilijua. Kutoka wilaya ya Jianli, mkoa wa Hubei nchini China, habari zilikuwa zimeshasambaa kwamba Februari 2020 polisi walipokea ripoti 162 za ukatili wa nyumbani, ilhali Februari ya mwaka uliotangulia zilikuwa 47. Visiwa vya Canary, Uhispania, katikati ya Machi vilishaanza mpango wa mwanamke kuingia duka la dawa na kuomba "barakoa 19", na mwenye duka akaelewa na kuita msaada. Hata Afrika tulikuwa na funzo letu: Sierra Leone ilifunga shule wakati wa Ebola, na wasichana wengi wakarudi wakiwa wajawazito, au hawakurudi kabisa. Tulikuwa na wiki kadhaa za kujifunza kutoka kwa wengine. Tulichojifunza ni kunawa mikono.

Aprili 1, kafyu haijamaliza hata wiki, Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, lilitoa taarifa kwamba makosa ya kingono yameongezeka sana katika wiki mbili zilizopita, yakawa asilimia 35.8 ya kesi zote zilizoripotiwa. Taarifa hiyo ilisema wazi kwamba baadhi ya watuhumiwa ni jamaa wa karibu, walezi, watu wanaoishi na mwathiriwa. Hao si wanaharakati waliokuwa wakitafuta ufadhili. Ni mahakama, polisi na waendesha mashtaka wakisema kwa kauli moja. Rais alilitamkia taifa jambo hili kwa uzito unaostahili Julai 6, zaidi ya siku mia moja tangu kafyu ianze. Na alichoagiza ni nini? Utafiti. Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kikapewa siku 30 kuchunguza kwa nini wanawake wanapigwa.

Nambari ya kitaifa ya msaada, 1195, ilipokea simu 86 mwezi Februari mwaka huo. Mwezi Juni zikafika 1,108. Kuna waungwana waliosoma tarakimu hizo wakafarijika: angalau wanapiga simu. Haya, na tuingie ndani tuone simu hiyo hupigwaje.

Chumba ni futi kumi kwa kumi. Ukuta ni mabati, pazia limetenga kitanda na jiko. Watoto wamo ndani kutwa, maana shule zimefungwa tangu katikati ya Machi. Baba hana kibarua tangu kazi za mjengo zikwame. Simu ni moja, nayo iko mfukoni mwake kwa sababu ndiyo yenye M-Pesa. Ili mama apige 1195, nambari ambayo kweli ni ya bure, inabidi aipate simu hiyo, apate dakika tano za peke yake, apate na mahali ambapo sauti haitasikika. Choo ni cha ploti nzima na nje kuna foleni. Zamani alikuwa na ibada ya Jumatano, chama cha Jumapili, na kibarua cha kufua nguo Eastleigh. Katika pitapita hizo ndipo shoga yake, au mama mchungaji, alipoliona jicho lililovimba akauliza, "Dada, leo tena?" Makanisa yalifungwa, mikutano ikapigwa marufuku, na matajiri wakaogopa kuingiza dobi nyumbani. Hizo simu 1,108 ni za waliofanikiwa kuiba dakika tano. Wengine hawamo kwenye hesabu yoyote.

"Mzee alikuwa na msongo wa mawazo, alipoteza kazi." Sentensi hii nimeisikia kwa wahubiri, kwa machifu, hata kwa wataalamu waliovaa tai kwenye runinga. Nani hakupoteza? Wafua nguo walipoteza. Wauza mitumba waliona marobota yakizuiwa bandarini. Yaya walifukuzwa na begi mkononi. Kama ukosefu wa kazi ndio unaoinua mkono, mbona mikono yao haikuinuka? Na huyu mzee mwenye msongo, landilodi alipokuja kumng'olea mlango kwa ajili ya kodi, mbona hakumpiga landilodi? Alimsalimia kwa heshima, akamwita mkubwa, akaomba subira hadi mwisho wa mwezi. Kisha akaingia ndani akamaliza hasira zake kwa aliyejua kwamba hana pa kwenda. Hiyo si akili iliyoruka. Ni akili inayochagua.

Wanaume nao hupigwa, ndiyo, na sheria inawalinda vilevile. Anayetaja hilo kwa sababu anataka makao yajengwe kwa ajili yao pia, karibu, tutajenga pamoja. Anayelitaja ili mjadala ufe, namwacha.

Na jirani? Jirani alisikia. Ukuta wa mabati hauna siri. Kijiko kikianguka chumba cha tatu unajua. Lakini tumelelewa kuambiwa ndugu wakigombana shika jembe ukalime, na wagombanao ndio wapatanao, na watu wazima wenye akili zao wakazigeuza methali hizi kuwa blanketi la kujifunika kichwa usiku. Mmoja akiwa chini na mwingine amemkalia kifuani, hao hawagombani.

Tuseme basi ametoka. Kapita kizuizini, kafika kituoni. Simama kando ya kaunta ile utazame. Kuna kitabu kikubwa cha kuandikia matukio, OB, na kalamu iliyofungwa kamba. Kuna benchi lenye watu wengine kumi, kwa hiyo atasimulia habari za chumbani kwake mbele ya mwizi wa kuku na dereva wa matatu. Afande anauliza: "Ni bwanako? Mmeoana kabisa? Sasa mama, tukimfunga, watoto watakula nini? Rudi mkaongee." Akisisitiza, huandikiwa nambari ya OB na kutakiwa awe na fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, ambayo daktari ataijaza. Fomu ni ya bure kwa mujibu wa serikali. Muulize yeyote aliyeitafuta kama aliipata bure. Hospitali iko upande wa pili wa mji. Nauli hana. Na saa ya kafyu imeshafika, kwa hiyo akionekana barabarani, yeye ndiye mvunja sheria.

Mambo haya yote yanatendeka katika nchi yenye Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Sheria hiyo inamwamuru polisi anayepokea malalamiko amweleze mlalamikaji msaada wote uliopo, ikiwemo kupata makao ya usalama na matibabu. Inairuhusu mahakama kutoa amri ya kumlinda mtu dhidi ya mwenziwe. Nzuri sana. Lakini katikati ya Machi 2020 mahakama zilipunguza shughuli zake, na makao yenyewe mengi yaliendeshwa na mashirika ya hiari na ya kidini, kwa pesa za kuombaomba, katika sehemu chache za nchi. Ofisa angemweleza mama huyo juu ya makao gani? Sheria inayomwelekeza mtu kwenye mlango ambao haujajengwa ni matusi yaliyopigwa muhuri.

Tena kuna sheria nyingine ya mwaka 2006, ile ya Makosa ya Kingono, yenye kifungu cha 43(5) kinachosema maelezo ya tendo la kulazimisha hayawahusu watu waliooana kihalali. Wafungieni wawili hao chumba kimoja kwa miezi, kisha mwambieni mke kwamba ndani ya chumba hicho neno lake la kukataa halina mahakama. Wabunge wetu wamekipita kifungu hicho kwa miaka kama watu wanaompita jirani anayewadai.

Nasikia mtu akisema hayo ni ya zamani, corona imekwisha, kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Mwaka huo huo wa 2021 serikali ilienda Paris, kwenye jukwaa la kimataifa la usawa wa kijinsia, ikaahidi mbele ya dunia kwamba kufikia 2026 ukatili wa kijinsia Kenya utakuwa umekomeshwa. Miaka mitatu baada ya ahadi hiyo polisi wenyewe walitangaza kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Desemba 10 wanawake wakaingia barabarani Nairobi kudai haki ya wenzao waliouawa. Wakapokelewa kwa vitoa machozi. Serikali ilikuwa na askari wa kutosha siku hiyo, kama ilivyokuwa nao Likoni.

Mlipuko mwingine utakuja. Hata usipokuja, mafuriko yatakuja, au kafyu ya usalama kaskazini, na orodha nyingine itaandikwa haraka haraka na watu wale wale. Ninachodai kiandikwe sasa, kabla ya king'ora kulia: huduma za wanaokimbia ukatili zitajwe kwa jina katika kila amri ya dharura, na anayekimbia asikamatwe kwa kuwa nje. P3 itolewe hospitalini papo hapo, bila shilingi. Kifungu cha 43(5) kifutwe. Na kila kaunti kati ya 47 iwe na makao yake, yenye mlinzi, muuguzi na fungu la bajeti lisilotegemea mfadhili wa ng'ambo.

Hili la mwisho halihitaji usubiri uchaguzi. Kaunti yako hulazimika kuita wananchi kutoa maoni kabla ya kupitisha bajeti. Nenda. Barabara na masoko yatasemewa na wengi; wewe inuka uulize makao ya waliopigwa yako wapi, yana vitanda vingapi, na yametengewa shilingi ngapi mwaka huu. Ukijibiwa kwamba kaunti inashirikiana na wadau, ujue hayapo.