Uzamili wa uhandisi usiishie maabara

Kijana mwenye shahada ya kwanza ya uhandisi anapotafuta pa kusomea uzamili, huuliza jina la chuo, kisha ada. Mimi ningetanguliza swali jingine: je, kozi hiyo inampeleka kiwandani kwa miezi kadhaa, na kazi hiyo inapewa alama kama somo lolote? Utaratibu wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati huko Marekani, Herman Schneider aliuanza na wanafunzi 27 wa shahada ya kwanza, kundi moja likiwa darasani na jingine kwenye mashine, kisha wanapokezana. Nchini Ufaransa, ambako diploma ya uhandisi ina hadhi ya uzamili, mwanafunzi hahitimu bila kupita kazini.

Faida inayotajwa sana ni ajira. Ipo, lakini kubwa zaidi ni aina ya maswali anayorudi nayo mwanafunzi. Chukua pampu ya maji ambayo beringi yake inaungua kila baada ya miezi michache. Maabarani pampu ni mpya, shafti imenyooka, na jibu limo kwenye grafu. Kiwandani beringi imefungwa kwa nyundo, grisi si ile iliyoagizwa na mtengenezaji, msingi wa zege umetitia upande mmoja, na meneja hataki mtambo uzimwe hata kwa nusu siku. Kipi kati ya hivyo ndicho chanzo? Hapo ndipo hesabu za mtetemo alizozikariri zinapoanza kuwa na kazi, na tasnifu inapata tatizo la kweli badala ya mada iliyookotwa maktaba.

Watakaopinga watasema kampuni hugeuza wanafunzi kuwa vibarua wa bure. Ni kweli hutokea, tena mara nyingi. Kijana anapewa kupanga mafaili. Ndiyo maana kabla ya kulipa ada ni lazima aulize kama kuna mkataba wa maandishi, posho, na msimamizi pande zote mbili. Chuo kinachomwambia ajitafutie nafasi mwenyewe hakina mpango wowote, kina barua ya utambulisho tu. Wengine watasema Tanzania tayari tunao utaratibu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambao tangu 2003 humweka mhitimu kazini chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu. Utaratibu huo ni mzuri, nami sipendekezi uguswe, ila aliye humo ameshaagana na darasa. Akikutana na tatizo lisiloelezeka, hulitatua kwa namna fundi mkuu alivyozoea, kazi inasonga. Mwanafunzi wa uzamili hulirudisha chuoni, kwenye vipimo na kwa mwalimu wake, na kwa hilo muhula mmoja wa ziada si bei kubwa.