Nani Alipe Nauli ya Mwanasayansi Chipukizi?

Mwaka 1810, mjini London, mwanagenzi mmoja wa ufundi wa kujalidi vitabu alianza kuhudhuria mihadhara ya sayansi iliyotolewa nyakati za jioni nyumbani kwa sonara John Tatum. Kiingilio cha kila mhadhara kilikuwa shilingi moja, na mwanagenzi huyo hakuwa nayo. Aliyemlipia ni kaka yake Robert, mhunzi. Kijana mwenyewe ni Michael Faraday, ambaye mwaka 1831 aligundua kuwa sumaku ikisogezwa karibu na mzingo wa waya huzalisha umeme ndani yake.

Habari za Faraday husimuliwa sana madarasani kama habari za kipaji na bidii. Shilingi ya Robert hutajwa kwa nadra. Yafaa ikumbukwe kila mara vijana wa sekondari wanapohimizwa kujitolea katika vyama vya kitaaluma ili wajijengee njia ya kazi, kwani anayetoa himizo hilo bila kutaja gharama amesema nusu tu ya ukweli.

Kwamba njia hiyo ipo, hapana shaka. Katika mihadhara ya Tatum, Faraday alijizoeza kuandika kwa makini yote aliyoyasikia, kuchora vyombo na kujalidi kurasa zake. Mazoea hayo ndiyo yaliyomsaidia mwaka 1812, alipopewa tikiti za mihadhara ya mkemia Humphry Davy: aliiandika, akaijalidi, akampelekea Davy mwenyewe, na mwezi Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Wala hakuwapa kisogo wenzake. Kuanzia mwaka 1816 alitoa mihadhara ya kemia katika chama chao kidogo kilichoitwa City Philosophical Society, na huko ndiko alikojifunza kusimama mbele ya watu.

Mfano wa karibu zaidi upo Nairobi. Chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe kilianzishwa huko mwaka 1909, na leo hujulikana zaidi kwa jina la Nature Kenya. Wanachama wake ndio walioanzisha makumbusho ambayo baadaye yalikuwa Makumbusho ya Taifa. Louis Leakey aliyatumikia makumbusho hayo bila mshahara kuanzia mwaka 1941, kisha akaajiriwa rasmi mwaka 1945. Kweli, Leakey alikuwa tayari na shahada ya Cambridge na jina kubwa. Asiyekuwa na vyote viwili hawezi kungoja miaka minne.

Je, mwanafunzi achague kazi ipi chamani? Wengi hupenda kupokea wageni katika makongamano na kuvaa beji. Kazi hiyo ina heshima yake, lakini haimfundishi mtu sayansi. Afadhali kijana aombe kazi inayochosha: kuhesabu, kuandika lebo, kutunza kumbukumbu za mkutano, kusahihisha makosa ya chapa katika jarida.

Mathalani, tangu miaka ya 1990 watu wa kujitolea wamekuwa wakishiriki kuhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Kundi la heroe likifunika ufuko, hakuna awezaye kuhesabu mmoja mmoja. Mhesabuji huhesabu kwanza ndege mia moja, huangalia eneo walilolichukua, kisha hulipima kundi zima kwa kipimo hicho. Jirani yake hufanya vivyo hivyo, na mara nyingi majibu yao hayalingani. Hapo ndipo darasa linapoanza. Je, mmoja amehesabu mara mbili kundi lililoruka na kutua tena? Nani alikuwa na jua machoni? Mwanafunzi aliyekwisha kubishana juu ya hesabu yake mwenyewe namna hiyo huelewa maana ya kosa la kipimo kuliko yule aliyelikariri kitabuni. Tena mtafiti aliyesimama karibu naye amekwisha kuona kama kijana huyu huandika alichokiona au alichotamani kukiona. Barua ya sifa itakayoandikwa na mtafiti huyo itakuwa na jambo la kusema.

Lakini ziwa li mbali na shule nyingi. Matembezi ya kutazama ndege yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971 hufanyika Jumatano asubuhi, saa ambazo mwanafunzi yumo darasani. Nauli, chakula cha mchana, viatu vya matopeni, darubini: vyote vinahitaji fedha, na siku ya likizo iliyotumika ziwani ni siku ambayo mtoto wa mkulima hakusaidia shambani. Matokeo yake ni kwamba anayejitolea mara nyingi ni yule ambaye nyumbani kwao hapakosekani shilingi ya Robert. Kisha, wakati wa kuajiri ukifika, huambiwa kwamba yeye ndiye mwenye moyo.

Wapo wanaodai kwamba kujitolea kukilipiwa nauli si kujitolea tena. Hoja hiyo ni dhaifu. Nauli si ujira. Humfikisha mtu mahali pa kazi na kumrudisha kwao, naye bado ametoa siku yake. Chama kinachoweza kukodi ukumbi wa mkutano mkuu kinaweza kutenga fungu la kuwasafirisha wanafunzi kumi. Kisichoweza, na kichapishe walau majina ya waliohesabu ndani ya ripoti yenyewe, wala kisiishie kuwashukuru kwa jumla kama "watu wa kujitolea".

Walimu nao wana sehemu yao. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kimeendelea kwa jasho la walimu wanaoacha mapumziko yao ili kuandaa semina, na mwalimu wa namna hiyo anajua tofauti ya kazi yenye mafunzo na kazi ya kupanga viti. Kabla ya kumtuma mwanafunzi wake, aulize mambo matatu: atafanya kazi gani, atakuwa chini ya nani, na atarudi nyumbani kwa fedha ya nani. Jibu la tatu likikosekana, barua ya maombi ya nauli na ipelekwe kwa katibu wa chama, ikiwa na sahihi ya mkuu wa shule.